Kuzunguka Ziwa Victoria kwa gari la kukodi, nchi 4: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 haipiti wiki bila mtu kuniuliza hii safari, ndugu, wafanyakazi wenzangu, hadi majirani zangu hapa Mwanza, kwa hiyo nimeamua niandike majibu yote sehemu moja. Njia ninayoizungumzia ni hii: Mwanza, Sirari (mpaka wa kuingia Kenya), Kisumu, Busia (mpaka wa Uganda), Jinja, Kampala, Mbarara, Kabale, Gatuna (mpaka wa Rwanda), Kigali, Rusumo (mpaka wa kurudi Tanzania), Biharamulo, Geita, halafu unarudi Mwanza kwa kupita darajani. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, kama kilomita 1,900 hivi ukienda moja kwa moja bila kuchepuka. Nimeifanya mara tatu, zote kwa gari la kukodi, na kitu kimoja nakisema kabla ya vingine vyote: safari hii inafaulu au inaharibika ofisini kwa mwenye gari siku kadhaa kabla hujawasha injini. Barabara haina shida sana, shida ni makaratasi.

Hivi gari la kukodi linaruhusiwa kweli kuvuka mpaka?

Linaruhusiwa, ila lazima mwenye gari akubali na akubali kwa maandishi. Wapo wengi ambao gari lao haliruhusiwi kutoka nje ya nchi kabisa, na wapo ambao hata nje ya mkoa hawataki. Sasa kosa la watu ni kwamba unapiga simu unaulizia bei ya siku, unakubaliana, unalipa, halafu siku ya kuchukua funguo ndio unasema "aah nafika na Kigali mara moja". Hapo ama unanyimwa gari ama unapewa kwa shingo upande bila karatasi, na bila karatasi hutoki Sirari.

Sentensi ya kwanza kwenye simu iwe "nataka kwenda Kenya, Uganda na Rwanda na gari lako, unatoa barua?" Akisita, achana naye, tafuta mwingine. Kuna kitu pia watu hawakifikirii, magari mengi ya kukodi siku hizi yana traka (kifaa kinachoonyesha gari liko wapi), na zipo traka ambazo mwenye gari anaweza kuzima injini akiwa nyumbani kwake. Kama gari ni la ofisi yenye magari mengi, mtu anayekaa kwenye kompyuta anaangalia traka sio yule uliyeongea naye, akiona gari limevuka mpaka anaweza kudhani limeibiwa. Waambie waandike kwenye rekodi zao tarehe na mipaka yote utakayovuka.

Karatasi zipi haswa natakiwa kuwa nazo?

Hizi hapa, na kila moja fotokopi tatu au nne kwa sababu mipakani watabaki na nakala:

Kadi ya gari, yaani ile ya usajili. Kama original haitolewi basi nakala iliyothibitishwa na wakili kwa muhuri.

Barua ya idhini kutoka kwa mwenye gari. Iwe na jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, namba ya gari, namba ya chesisi na ya injini, nchi zote utakazopita zikitajwa kwa majina, na tarehe ya kwenda na kurudi. Kama mnaendesha wawili, majina mawili. Ipigwe muhuri wa wakili.

Mkataba wa kukodi wenyewe.

Bima ya gari ya Tanzania pamoja na ile Yellow Card ya COMESA (nimeieleza chini, usiiruke).

Leseni, pasipoti, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Halafu mpakani ndio unapata kile kibali cha muda cha gari kuingia nchi ya watu. Kinatolewa na watu wa forodha, kina tarehe ya mwisho, na unatakiwa ukifunge wakati unatoka. Hili la kukifunga watu wanalisahau, unagonga pasipoti unaondoka zako, kumbe kwenye mfumo gari bado linaonekana liko Uganda, na usumbufu unamkuta mwenye gari siku nyingine akitaka kuvuka tena. Usiondoke dirisha la forodha mpaka wakuambie gari limetolewa.

Nieleze kilichonipata safari ya kwanza ili uone ninaposema soma barua nina maana gani. Nilipewa barua nzuri kabisa, ina nembo, ina muhuri, ina sahihi, nikaitia kwenye faili bila kuisoma vizuri. Tukafika mpaka mmoja saa 4 asubuhi, afisa wa forodha akaweka barua na kadi ya gari pembeni kwa pembeni, akapitisha kalamu namba kwa namba, akasimama. Kwenye namba ya chesisi barua ilikuwa na 8 na kadi ilikuwa na 3. Tarakimu moja tu. Akanirudishia faili akasema kwa upole kabisa, "hili sio gari lililoandikwa hapa." Tukakaa pale mpaka saa 10 jioni tukisubiri mwenye gari aandike barua nyingine, aende kwa wakili, aiskani, aitume kwa WhatsApp, tutafute stesheneri ya kuprinti, watoto wamechoka, chakula tulichofunga kimeisha. Yule afisa alikuwa sahihi kabisa, sina lawama naye. Ila tangu siku hiyo nakaa na barua na kadi mezani nyumbani nasoma namba moja moja kwa sauti huku mke wangu ananisahihisha.

Yellow Card ni nini, sio ile kadi ya chanjo?

Hapana, na huu mkanganyiko nimeuona mpaka mpakani kwenyewe, mtu anaambiwa toa kadi ya njano anatoa ya chanjo. Ziko mbili. Moja ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, hiyo ni ya mwili wako. Nyingine ni Yellow Card ya COMESA (ile jumuiya ya soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), hiyo ni bima ya gari.

Bima ya gari uliyokata Tanzania inaishia Tanzania. Ukimgonga mtu wa bodaboda Masaka ukiwa na bima ya Tanzania peke yake, wewe kule huna bima. Yellow Card ndio inayoibeba ile sehemu ya kumlipa mtu wa tatu kwenda nchi nyingine, pamoja na gharama za matibabu ya ajali. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000 lakini kwenye huu mpango wa bima imebaki, kwa hiyo unaipata hapa hapa kutoka kampuni ile ile iliyokata bima ya gari. Anayeiomba ni mwenye gari, gharama unalipa wewe, na hakikisha nchi zote tatu zimeorodheshwa na tarehe zinatosha na siku mbili za ziada.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Yellow Card inamlipa uliyemgonga, hailipi gari ulilokodi. Gari likibonyea Kigali, Yellow Card haihusiki. Kwa hiyo muulize mwenye gari swali la pili: bima kubwa ya hili gari, imeongezewa wigo wa Afrika Mashariki? Mara nyingi jibu ni hapana, lakini kampuni ya bima inaweza kuongeza kwa malipo kidogo kwa siku zile tu za safari. Lipa. Na uliza pia likitokea la kutokea wewe unajibebea kiasi gani kabla bima haijaanza kulipa, kiandikwe kwenye mkataba kwa tarakimu, sio kwa mdomo.

Rafiki yangu ana gari lake zuri tu, nimlipe yeye si itakuwa rahisi?

Ukiazima bure na barua yake, sawa. Ukimlipa, gari lina bima ya matumizi binafsi na wewe umelikodi, siku ya ajali bima ina kila sababu ya kukataa na urafiki unaishia pale. Mimi sishauri. Stika yoyote ya bima unaweza kuihakiki mwenyewe kwenye TIRA MIS, mfumo wa mamlaka ya bima Tanzania, kwa simu, dakika moja tu, fanya hivyo hata kwa gari la kampuni.

Pasipoti ni lazima? Mbona Wakenya wanaenda Uganda kwa kitambulisho?

Ni kweli, Kenya, Uganda na Rwanda walikubaliana raia wao wavuke kwa vitambulisho vya taifa tangu 2014. Tanzania haimo kwenye makubaliano hayo, kwa hiyo Mtanzania unahitaji pasipoti au hati ya safari ya dharura kutoka Uhamiaji, na Mkenya anayeanzia kwake akizunguka ziwa naye anahitaji pasipoti akifika upande wetu. Viza raia wa Afrika Mashariki hatulipi. Watoto nao kila mmoja na hati yake, na kama mzazi mmoja hayupo safarini beba barua yake ya ridhaa na cheti cha kuzaliwa.

Ndugu zetu wa ughaibuni wenye pasipoti za nje ndio wawe makini. Ile viza ya pamoja ya utalii ya dola 100, siku 90, inahusu Kenya, Uganda na Rwanda tu. Ukitoka kwenye hizo tatu ukaingia Tanzania imeisha. Na kwa kuwa mzunguko huu unaanza na kuishia Tanzania, viza yako ya Tanzania iwe ya kuruhusu kuingia zaidi ya mara moja, usije ukafika Rusumo umechoka ndio ukaanza kuomba upya.

Chanjo wanakagua kweli?

Wanakagua. Chanja angalau siku 10 kabla, kwa sababu cheti kinaanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano. Kama una cha zamani kimeandikwa kinaisha baada ya miaka 10 usihangaike, tangu Julai 2016 cheti kinahesabika cha maisha.

Nichukue gari la aina gani?

Barabara yote ya mzunguko mkuu ni lami, kwa hiyo hata gari dogo linaenda. Ila mimi nachukua lililoinuka kidogo, RAV4, Noah ya juu au Prado mkiwa wengi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni matuta na mashimo, kipande cha Lusahunga kwenda Rusumo kimechoshwa na malori kwa miaka mingi. Ya pili ni vichepuko. Ukitaka kupitia Serengeti, geti la Ndabaka liko pale pale pembeni ya lami ya Mwanza–Musoma baada ya Lamadi, lakini ukishaingia ndani ule ni udongo mweusi wa mbuga, mvua ikinyesha saa moja gari la kawaida halitoki.

Na hapa niseme, watu wanaangalia ramani wanaona Serengeti imeungana na Maasai Mara wanasema si nipite humo humo nitokee Kenya. Haiwezekani. Ule mpaka wa ndani ya hifadhi umefungwa kwa watalii tangu 1977, njia ni Sirari tu.

Nichukue dereva wa mwenye gari au nijiendeshe?

Ukichukua dereva jua kwamba unamlipia posho, chakula na malazi kila usiku, na yeye pia lazima awe na pasipoti na cheti cha chanjo. Nimewahi kuona watu wamekwama kwa sababu dereva hana pasipoti. Ukijiendesha, wenye magari wengi wanataka uwe na miaka 23 au 25 kwenda juu na leseni yenye miaka miwili. Kama ni mara yako ya kwanza kutoka nje na gari, nakushauri muwe madereva wawili, sio mmoja.

Kabla sijaondoka na gari nikague nini?

Chukua video, zunguka gari polepole, kila mkwaruzo, vioo, taa, rimu, ndani kwenye viti, geji ya mafuta, kilomita kwenye dashibodi. Fanya hivyo mchana na mwenye gari akiwepo anasikika kwenye video. Halafu fungua buti mwenyewe. Tairi la spea toa, ligonge, angalia upepo, sio kuliona tu limelala pale. Jeki ipandishe kweli, spana ya nati za gurudumu ijaribu kwenye nati zenyewe. Pembetatu za kuakisi mbili, mtungi wa kuzimia moto ambao tarehe haijapita, sanduku la huduma ya kwanza lenye vitu ndani. Hivi ndivyo vitu trafiki wa nchi zote nne wanaviuliza.

Rwanda wanaendesha kulia, nitaweza kweli na usukani wa kulia?

Hili ndilo linalowatisha watu kuliko yote na nalielewa kabisa. Tanzania, Kenya na Uganda tunakaa kushoto, Rwanda wanakaa kulia. Unabadilisha pale pale Gatuna, unatoka Katuna, upande wa Uganda, umekaa kushoto kama kawaida, unamaliza uhamiaji na forodha, na ukitoka nje ya eneo la mpaka unaingia barabara ya kwao ukiwa kulia.

Dakika kumi za kwanza ni nzuri kwa sababu unafuata gari la mbele na akili yote iko macho. Hatari inakuja baadaye. Inakuja mnapotoka kituo cha mafuta hakuna gari lolote barabarani, hakuna wa kumfuata, mikono inakata kushoto yenyewe. Sisi tulipanga hivi: kila tunapowasha gari Rwanda, aliyekaa mbele anasema kwa sauti "kulia", na dereva anajibu "kulia", ndio gari linaondoka. Siku mbili tulizokaa hatukuwahi kuacha, hata kutoka hotelini kwenda kula.

Vipilefti vyao vinazunguka kinyume na vyetu, unaingia ukielekea kulia na unaangalia magari yanayotoka kushoto kwako. Kuovateki ndio usijaribu peke yako. Ukiwa na usukani wa kulia na unaendesha upande wa kulia, lori liko mbele, wewe huoni kitu, anayeona ni aliyekaa kushoto. Na barabara ya Gatuna hadi Kigali ni kona juu ya kona, mlima huku, bonde la chai kule. Kama kilomita 80 tu, ipe saa mbili, kaa nyuma ya lori, angalia milima. Mwendo wenyewe vibao vya 60 na 40 ni vingi na kamera ziko kila mahali, Wanyarwanda wenyewe wanaziita Sofia, na faini inakwenda kwa namba ya gari.

Saa pia inabadilika, Rwanda iko nyuma yetu saa moja. Kama umeahidi kufika Rusumo muda fulani kumbuka ukivuka umepoteza saa moja.

Mpakani inachukua muda gani na naanzia wapi?

Mipaka ya Busia na Rusumo ina kituo kimoja cha pamoja, yaani unapita upande unaotoka bila kusimama, unaenda kwenye jengo la nchi unayoingia na huko mnakuta maafisa wa nchi zote mbili, dirisha hili wanakutoa, la pili wanakuingiza. Rusumo ilizinduliwa hivyo Aprili 2016. Mtiririko ni afya, uhamiaji, forodha, bima, geti. Ukiwa na karatasi zimekaa sawa saa moja hadi mbili zinatosha. Fika asubuhi.

Utakutana na vijana wanakimbilia gari, wengine wamevaa hadi vitambulisho shingoni, "bosi lete pasipoti nikusaidie". Hatuwadharau, wanatafuta riziki, lakini pasipoti na karatasi za gari hazitoki mkononi mwako. Malipo yote ya serikali yana risiti na mengi yanalipwa benki au kwa simu, mtu akitaka keshi bila risiti muulize dirisha la kulipia liko wapi.

Hela nabebaje?

Badilisha kidogo kidogo. Mpakani badilisha ya kutosha mafuta na chakula cha siku moja, na ufanye hesabu kwenye simu yako mwenyewe sio kwenye kikokotoo chao. Shilingi ziko tatu tofauti, ya kwetu, ya Kenya na ya Uganda, zisichanganye mfukoni, mimi natumia bahasha nne zilizoandikwa. Kisumu ukiwa na rafiki wa Kenya M-Pesa inakuokoa, na M-Pesa ya Vodacom ya huku inaweza kutuma Safaricom. Uganda na Rwanda ukipata laini ya MTN au Airtel mambo yanakwenda. Weka pia dola kidogo mbali kabisa na pochi.

Mafuta je?

Kenya na Tanzania bei zinapangwa na serikali kila mwezi, EWURA wa Tanzania wanatangaza Jumatano ya kwanza, EPRA wa Kenya wanatangaza tarehe 14, kwa hiyo kituo na kituo hazitofautiani sana. Uganda soko huria, kituo hiki na cha ng'ambo ya barabara vinaweza kutofautiana, angalia ubao kabla hujakata kona. Na hakikisha unajua gari lako ni petroli au dizeli, mwambie muhudumu kwa mdomo na ushuke umuangalie akichomeka bomba. Usishuke chini ya robo tangi kati ya Rusumo na Biharamulo.

Trafiki watatusumbua?

Ukifuata sheria hapana, kiukweli. Huku kwetu ni tochi za kupima mwendo, vijijini mwisho 50, na kibao cha kuanza 50 wengi tunakiona ila cha kumaliza 50 hatukisubiri. Faini ni 30,000 kwa kosa na unalipa kwa namba ya malipo. Kabla hujachukua gari ingiza namba yake kwenye mfumo wa trafiki uone kama lina madeni ya zamani, wewe usije ukasimamishwa Tarime kwa kosa la mteja wa mwezi uliopita.

Mifuko ya plastiki iondoe kwenye gari kabisa kabla ya safari. Rwanda wamepiga marufuku tangu 2008, Kenya 2017, sisi Juni 2019. Gatuna wanafungua mabegi, viatu vilivyofungwa kwenye rambo vitatolewa pale pale.

Tunaweza kutembea usiku tukaokoa siku?

Tafadhali usifanye hivyo. Hii ndio sehemu pekee ya haya majibu naomba mnisikilize kama kaka yenu. Kati ya Busia na Iganga, kati ya Lyantonde na Mbarara, kati ya Lusahunga na Biharamulo, usiku kuna malori yameharibika katikati ya barabara hayana taa wala pembetatu. Alama yake ni matawi ya miti. Ukiona tawi la kijani limelala kwenye lami, dogo tu, mita chache mbele jingine, halafu jingine, ujue mbele kuna kitu kimesimama. Mara ya pili tulichelewa Busia, giza likatukuta, nikaona majani kwenye taa nikadhani yamedondoka kwenye gari la miwa, nikapunguza tu kwa bahati, na ghafla likatokea tela limekaa nusu ya upande wetu, rangi ya vumbi, halina hata kioo cha kuakisi. Tulipita kwa nafasi ya kiganja. Mwanangu mkubwa mpaka leo akiona tawi barabarani ananishika bega.

Saa 12 jioni uwe umeshapaki. Panga vituo kwa hesabu hiyo.

Basi nipangie siku.

Siku 9 mimi naona zinatosha, chini ya 7 mtakuwa mnaendesha tu.

Siku ya 1 Mwanza hadi Kisumu, toka saa 12 alfajiri. Kama una muda chepuka Butiama kwa Mwalimu, lala Musoma na uongeze siku. Siku ya 2 pumzika Kisumu, kula samaki ufukweni. Siku ya 3 Kisumu, Busia, Jinja. Pale Maseno unavuka ikweta, kuna alama, na utaivuka tena Uganda kule Kayabwe barabara ya Masaka, watoto wanapenda sana hili. Lala Jinja, ni kutulivu kuliko Kampala, na asubuhi ukitoka unapita Nile kwenye lile daraja jipya la nyaya la 2018, meta 525. Siku ya 4 Jinja hadi Kampala ni kilomita 80 lakini foleni ya Mukono inaweza kula asubuhi yote. Kabla ya hapo, Namawojjolo, simameni mle kuku wa mshikaki na gonja (ndizi za kuchoma), wauzaji watakuja hadi dirishani. Kama hamna shida na Kampala msiingie mjini, shikeni Northern Bypass pale Bweyogerere mtokee Busega, mko barabara ya Masaka kuelekea Mbarara. Siku ya 5 Mbarara hadi Kabale, baridi, bebeni masweta. Siku ya 6 na 7 Kigali, gari likae, tumieni miguu na moto (bodaboda za kule) za kukodi, mjini pale panatembeka. Siku ya 8 Kigali, Rusumo, Biharamulo. Pale Rusumo simama baada ya kumaliza taratibu usikilize maporomoko ya Kagera yanavyounguruma chini ya daraja. Siku ya 9 Bwanga, Katoro, Geita, Sengerema, nyumbani.

Mwenye siku chache afupishe kwa Mutukula: ukifika Masaka kata kushoto, kama kilomita 90 uko mpakani, halafu Kyaka, Bukoba, Muleba, unakuja kuungana na barabara ya Geita. Nchi tatu, hakuna kubadili upande wa barabara, Yellow Card ni ya nchi mbili tu. Kwa wenye watoto wadogo mimi ningeanza na hii.

Na Burundi tukiwa tumeshafika Kigali?

Msipange hivyo. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Ukitaka Bujumbura ingia kwa Kabanga na Kobero ukitokea Ngara.

Gari likiharibika ugenini?

Mpigie mwenye gari kabla hujamuita fundi, hata kama ni kitu kidogo. Mkataba useme nani analipa nini, pancha ni yako, injini ni yake, na hata Land Cruiser mpya huchoka. Akikubali fundi aguse, akubali kwa meseji ya maandishi, piga picha kifaa kilichotolewa na ukibebe, usikiache gereji. Ikiwa ni ajali, polisi kwanza, chukua ripoti yao kabla hujavuka mpaka kurudi, kwa sababu bila ripoti ya polisi wa nchi ile bima haina cha kusoma. Namba ya ofisi ya bima ya nchi husika imeandikwa nyuma ya Yellow Card.

Kurudisha gari kuna la kuzingatia?

Lioshe, jaza mafuta kiasi ulichokuta, rudisha mchana. Mpe mwenye gari faili lote pamoja na karatasi za forodha zinazoonyesha gari limetoka Kenya, limetoka Uganda, limetoka Rwanda, na mwambie asizitupe. Chukua video nyingine kama ile ya kwanza, dipoziti irudi hapo hapo au muandikishiane tarehe.

Na ukiwa unakuja kutokea Sengerema jitahidi ufike darajani jioni kabla jua halijazama. Sisi tuliokuwa tunapanga foleni ya kivuko pale Busisi, malori mbele, abiria wa mabasi wameshuka wananunua mahindi, saa mbili zinapita, sasa hivi unapita kilomita 3 juu ya maji kwa dakika chache, na Mwanza iko mbele yako.